Kengele Iliyotangulia Ngumi

Kaloleni, Jumamosi alasiri

Mwanangu Nduku,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na baba yako amejinyoosha kidogo chumbani. Kesho hatutapata nafasi ya kusema lolote la maana. Shangazi zako watakuwa wamejaa humu ndani tangu alfajiri, kila mmoja akitaka kukuombea kwa sauti kubwa kuliko mwenzake, na ndege haingoji mtu. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani nikuandikie. Ya kula na kuvaa na baridi ya Johannesburg umeyasikia mpaka ukachoka. Leo nayaacha.

Juzi uliniuliza, ukiwa unakunja nguo, "Mama, ipi bora hasa, waya za zamani au hii dijitali?" Nikakujibu, "Inategemea," nikaendelea kuosha vyombo. Hilo halikuwa jibu. Unakwenda kufanya kazi niliyoifanya mimi, kwenye kampuni ambayo kila kitu chake ni dijitali, na huko hakuna atakayekujibu swali hilo kwa kukusimulia habari ya Barasa na Kioko. Mimi nitakujibu hivyo, kwa sababu sijui njia nyingine.

Habari yenyewe unaijua kama mtaa unavyoijua. Ulikuwa darasa la nane, wakati wa likizo, uko kwa nyanya yako Masaku. Uliporudi ukamkuta baba yako bega limefungwa, na Barasa ameshazikwa kwao Bungoma. Watoto wa hapa wakakuambia mashine ya mama yako ilisema uongo. Wengine wakakuambia nilimtetea Kioko kwa kuwa ni Mkamba mwenzangu. Sikuwahi kukuketisha nikakueleza. Basi sikiliza.

Barasa unamkumbuka. Alikuwa akikimbia asubuhi kandokando ya reli, taulo shingoni, na watoto wakimfuata nyuma wakirusha ngumi hewani. Mzee Ouma, kocha wake, naye alikuwa bondia enzi zake kabla ya kustaafu kazi ya reli. Siku hiyo Barasa alikuwa apigane na Kioko wa Huruma, kijana mpole, mabega mapana, mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha sabuni kule Baba Dogo. Pambano lilikuwa ukumbini petu hapa, na kampuni yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kulirekodi.

Wakati huo bosi wangu, Bwana Njoroge, alikuwa ameleta mitambo ya dijitali iliyokwisha kutumika Ulaya. Sisi tulikuwa tumezoea waya za zamani. Unajua zilivyokuwa: picha inasafiri ndani ya waya kama maji ndani ya mfereji wa udongo, na kila hatua inapungua kidogo. Mtu akivaa shati jekundu, wekundu unamwagika nje ya bega lake. Ukinakili kanda, nakala inafifia. Ukiinakili nakala, sura za watu zinakuwa kama zimeoshwa. Baadaye tukapata mfumo wa waya tatu, mmoja wa mwanga na mbili za rangi. Picha ikawa nzuri zaidi, lakini waya mmoja ukiwa mrefu kuliko wenzake, rangi zinakaa kando ya mtu badala ya kukaa juu yake. Hata hivyo, waya wa zamani ukianza kuchoka unakuonya. Unaona chenga, unaona mistari, unapata muda wa kukimbia ukatazame umekatika wapi.

Hii mpya, waliyoiita SDI, ilikuwa na waya mmoja tu mwembamba. Picha inageuzwa kuwa tarakimu, tarakimu zinasafiri, na upande wa pili picha inatoka vilevile ilivyoingia. Nilipoiona mara ya kwanza nililia machozi, mwanangu, wala sikutanii. Niliona nywele moja moja kwenye kope za mtu. Nikasema, hizi nyingine zote tutupe.

Baba yako hakukubali kutupa. Alisema, "Mama Nduku, tuweke kamera moja ya zamani juu kule kwenye roshani, na kanda yake na maikrofoni yake. Ikitokea chochote, tuna kitu." Nilicheka. Lakini niliiweka, kumridhisha.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Waliokosa nafasi walikuwa wengi kuliko walioingia, kwa hiyo Bwana Njoroge akatoa televisheni kubwa akaiweka juu ya meza barazani, na spika mbili kando yake, ili watu walio uani nao waone. Mimi nilikuwa kwenye kile chumba kidogo karibu na jukwaa, mbele ya skrini zangu, nikichagua picha ya kwenda nje. Baba yako alikuwa chini ya ulingo na kamera ya dijitali begani, kebo ikimfuata, hedfoni masikioni ili tuzungumze.

Sitaki kulipamba pambano lile. Lilikuwa baya tangu raundi ya kwanza. Kioko alikuwa na mkono wa kushoto mzito, na Barasa hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Nyusi yake ilipasuka mapema. Mzee Ouma aliiziba na mafuta, ikapasuka tena. Barasa naye alimvunja Kioko pua, na kila Kioko alipopumua damu ilirukia kifua cha refa. Watu walikuwa wanapiga kelele hata kengele ilikuwa haisikiki vizuri ndani. Uani ilisikika, kwa sababu tulikuwa tumeifungia maikrofoni yake na sauti ikaenda moja kwa moja kwenye spika.

Nami nikwambie ukweli, nilikuwa nafurahia. Picha ilikuwa safi ajabu. Kila ngumi ilipotua niliona jasho likiruka kama punje za mchele. Kazi yetu ina hilo, Nduku. Unaweza kumtazama mtu akiumizwa ukawaza habari ya mwanga.

Raundi ya saba ilikuwa inaisha. Barasa aliingia na mkono wa kulia, akauacha uso wazi, na Kioko akaachia ile ngumi ya kushoto. Ilimkuta kwenye taya. Kengele ikalia. Barasa akaanguka chali bila kujikinga, kisogo kikagonga mbao. Refa alitikisa mikono juu kuonyesha pambano limekwisha, akamwinua Kioko mkono. Ndani, kila mtu alikuwa amesimama, hakuna aliyekuwa na hakika ameona nini.

Uani walikuwa na hakika. Kwenye televisheni kengele ililia kwanza, ndipo ngumi ikatua.

Nikafanya kile nilichofunzwa kufanya. Mtu akianguka, unarudisha. Nikarudisha ile picha kwenye skrini ya nje, polepole, na sauti yake. Kengele, ngumi. Nikairudisha tena. Nilisikia mngurumo uani, nikadhani ni shangwe. Nikairudisha mara ya tatu.

"Manze, amemgonga baada ya kengele!" mtu akapaza sauti dirishani. "Kengele imelia, jamaa amemgonga! Tumeona!"

Sauti ya baba yako ikaja masikioni mwangu. "Mama Nduku, hawa wanasema nini? Ngumi ilitangulia. Mimi nilikuwa hapa chini yao."

"Mimi naona kengele inatangulia," nikamjibu.

"Haiwezekani."

"Naiona hapa, Baba Nduku. Nimeirudisha mara tatu."

Akasema, taratibu kabisa, "Basi picha yako inachelewa."

Hiyo mitambo ya dijitali, mwanangu, kila kisanduku kinachopokea picha huishika kwanza, huisoma yote, huipanga, ndipo huiachia. Kisanduku kimoja huichelewesha kidogo mno, hata jicho halijui. Lakini mimi nilikuwa nimeunga kisanduku cha kamera, na cha kulinganisha mwendo wa picha, na cha kuandikia majina, na cha picha za polepole, kimoja baada ya kingine. Sauti haikupita humo. Sauti ilikwenda moja kwa moja. Ukijumlisha, picha ilikuwa nyuma ya sauti kwa chini ya robo ya sekunde. Ngumi na kengele vilikuwa vimeachana kwa muda mfupi kuliko huo.

Milango ya ukumbi ikavunjwa.

Wakati huo ndugu zake Barasa walikuwa wameshamtoa kwa mlango wa nyuma, wamempakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali. Mzee Ouma hakupata nafasi garini, akabaki amesimama na taulo lenye damu mkononi. Walioingia hawakumtafuta Barasa. Walimtafuta Kioko. Walimkuta chumba cha kubadilishia, bado ana glavu mkono mmoja, wakamburuta kwa miguu kupitia katikati ya viti. Alikuwa anasema, "Sikusikia kengele, ndugu zangu, haikuwa imelia." Mtu akamkanyaga mdomo.

Niliwaona kwenye skrini zangu. Baba yako alikuwa amewafuata mpaka barazani na kamera begani bado inafanya kazi. Ile kamera iliona kila kitu, kwa usafi uleule niliokuwa nikiusifu. Mtu mmoja alishika jiwe la kujengea, nusu jiwe lile la kuchonga, na wengine wawili wakaukandamiza mkono wa Kioko kwenye ngazi ya saruji. "Si ndio huu wa kushoto?" akauliza. Akauvunja. Nilisikia mfupa kabla sijauona. Hata hapo sauti ilitangulia.

Kisha wakashika mkono wa pili.

Halafu picha ikapinduka, nikaona anga, nikaona miguu ya watu. Baba yako alikuwa ameitupa kamera. Hakuwahi kuitupa kamera maishani mwake. Aliruka akamlalia Kioko kifudifudi, na lile jiwe lililokuwa linashuka likamkuta yeye begani.

Nilikimbia. Nilitaka kukimbilia kwake, Nduku, miguu yangu ilikwisha geuka kuelekea barazani. Lakini nilijua nikifika pale nitakuwa mtu wa tatu wa kupigwa, basi. Televisheni ndiyo iliyowapandisha hasira. Hakuna mtu ambaye wangemsikiliza zaidi ya televisheni. Nikapanda ngazi za roshani nikaichukua mashine ya kanda ya ile kamera ya zamani, nikaikumbatia kama mtoto, nikashuka nayo kupita kwa watu waliokuwa wakivunja viti kupata miguu ya kupigia. Mmoja alinipiga kiwiko, jino hili la mbele likaenda.

Nilipofika kwenye meza ya barazani niling'oa waya zote. Nikaunga mashine ile moja kwa moja kwenye televisheni, waya mmoja wa picha, mmoja wa sauti, hakuna kisanduku chochote katikati. Nikakosea tundu mara ya kwanza. Baba yako nilikuwa namsikia. Hakuwa anapiga mayowe. Kila pigo alitoa sauti ndogo, kama mtu anayenyanyua gunia.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaiachia kanda.

Ilikuwa picha mbaya. Ilitoka mbali, chenga tupu, bukta nyekundu ya Barasa imemwagika mpaka kwenye kamba za ulingo. Lakini picha na sauti vilikuwa vimeingia pamoja na vikatoka pamoja. Ngumi. Kengele.

Hakuna aliyegeuka.

Nikarudisha. Ngumi, kengele. Nikapiga kelele, "Mzee Ouma! Mzee Ouma, njoo utazame!"

Alikuja kama mtu anayetembea usingizini. Akasimama mbele ya kioo, taulo mkononi. Akatazama.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

"Ile ya kwanza ni mitambo yangu, Mzee," nikamwambia, na nilisema kwa sauti wote wasikie. "Picha ilichelewa. Mimi ndiye niliyeifunga hivyo. Ngumi ni halali. Muueni kama mnamuua, lakini msiseme ni kwa sababu ya kengele."

Kijana mmoja akadakia, "Huyo mama ni wa kwao! Anamficha jamaa yake."

Mzee Ouma akageuka akamzaba kofi lililomkalisha chini. Kisha akawapenya wale watu, mzee yule mwenye magoti mabovu, akafika pale ngazini. Hakuhubiri. Alipiga magoti, akalikunjua lile taulo la Barasa, akalitandika juu ya kichwa cha Kioko na cha baba yako pamoja.

"Mimi ndiye niliyempoteza mtoto leo," akasema. "Anayetaka kupiga apige hapa juu yangu. Ngumi ilitangulia."

Walimpiga mateke mawili matatu, mgongoni. Halafu wakaanza kuacha, mmoja mmoja, kama watu wanaokumbuka wana safari. Yule wa jiwe aliliweka chini polepole, akajifuta mikono kwenye suruali. Nilimjua. Bado nakutana naye dukani, tunasalimiana.

Barasa hakuzinduka. Kioko alifungwa plasta mikono yote miwili, na ule wa kushoto haukuwahi kukunja ngumi tena. Baba yako unamwona mwenyewe: mkono haupandi juu ya bega, kamera haiwezi, ndiyo maana anatengeneza redio.

Wakati wa matanga, kabla ya maiti kusafirishwa, Kioko alikuja hapa Kaloleni kwa miguu. Wanaume waliokuwa wameuzunguka moto walisimama wote. Mama Barasa akatoka ndani, akawaambia wakae. Akamtazama yule kijana na plasta zake.

"Mwanangu alikuwa anakuja mbele au anarudi nyuma ulipompiga?" akamwuliza.

"Alikuwa anakuja mbele, mama."

"Basi keti ule."

Na kwa kuwa hakuweza kushika tonge, alimlisha yeye mwenyewe, tonge baada ya tonge.

Sasa jibu lako. Nilirudi kazini, na nilirudi kwenye dijitali. Usije ukanielewa vibaya ukadhani nakuambia ya zamani ndiyo ya kweli. Waya wa zamani umenidanganya mara nyingi. Umempaka mtu rangi isiyo yake, umemfifisha mpaka mama yake asimjue. Dijitali inakupa mtu kamili, ila haikuambii imemshika kwa muda gani kabla ya kumwachia. Hiyo ni juu yako kujua. Kabla ya kazi yoyote, msimamishe mtu mbele ya kamera apige kofi moja, uone mikono ikikutana na usikie kofi. Fanya hivyo kila unapoongeza kisanduku. Watakucheka huko, watasema tofauti ni ndogo mno. Wewe piga kofi. Na siku utakapokuwa na hakika na kitu kwa sababu umekirudisha mara tatu, mwulize aliyekuwa amesimama karibu zaidi kuliko wewe. Mimi niliambiwa na mume wangu bila hata kumwuliza, na hata hapo nilimbishia.

Kuna jambo moja la mwisho, hili sijamwambia hata baba yako.

Miezi kadhaa baada ya mazishi, Mama Barasa alikuja ofisini kwetu. Alivaa vizuri, kama anayekwenda kanisani. Akaniuliza, "Wewe unayo picha ya mwanangu akianguka?"

Nikamwambia ninayo.

"Hiyo usinionyeshe kamwe. Nionyeshe akiingia."

Nilikuwa na kanda zote mbili mbele yangu. Ile ya roshani, ya kweli, haikuwa na uso wake, ni doa jekundu tu linalotembea. Nikachukua ile ya dijitali. Nikazima sauti kabisa, maana bila sauti haikuwa na la kuchelewa. Barasa akatokea mlangoni mwa ukumbi, taulo shingoni, watu wakimgusa mabega. Kila kitu kilionekana: kovu dogo la kidevuni, mafuta yanayong'aa kwenye nyusi, namna alivyouma mdomo wa chini ili asicheke.

Mama yake alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa kiganja.

"Hakunyoa," akasema. "Nilimwambia anyoe."

Nenda salama, mwanangu, na Mungu akutangulie kila mlango.

Mama yako